Kona ya Bibi Nyemo

Juzi binti mmoja wa mipango miji alinipigia simu. Sikuwa namjua, lakini alianza na shikamoo, kwa hiyo nikaweka chini ungo wa karanga nikamsikiliza. Alisema wamerusha ile ndege yao ndogo isiyo na rubani, wameipiga picha mitaa yetu yote kutoka juu, na sasa wanaingiza michoro ya zamani kwenye kompyuta. Barabara zote za mtaa wetu zimenyooka kama tulivyozichora, isipokuwa moja. Hiyo inakwenda vizuri, inafika mahali, inakata kona na kuingia kwenye uwanja wa wazi, halafu inarudi kwenye mstari wake na kuendelea kana kwamba hakikutokea kitu.

"Mama, pale hakuna mlima, hakuna mwamba, hakuna korongo," akasema. "Nimeona sahihi yako kwenye mchoro. Ni kosa la kuchora? Tunataka kuinyoosha kwenye mfumo."

Nikacheka mpaka karanga zikamwagika. Nikamwambia asiguse kitu, nitamwandikia. Sasa naandika, na kwa kuwa kalamu nimeshaishika, nawaandikia ninyi nyote mlioingia kwenye kazi ile baada yetu. Someni taratibu. Mimi si mtu wa kufupisha.

Mimi ni Mrangi wa Busi, kule Kondoa. Nilikuja Dodoma nikiwa msichana mwenye cheti kipya na viatu vya kisigino kirefu, nikapangiwa kitengo cha mipango miji, na nilikaa humo mpaka nywele zikabadilika rangi. Visigino vilivunjika wiki ya kwanza kwenye changarawe za Dodoma, na hilo likawa somo langu la kwanza la upimaji. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwasikiliza watu wanaoomba kisichoruhusiwa. Mchoro unasema hapa ni makazi tu, yeye anataka kufungua duka. Mchoro unasema jenga mbali na mpaka, yeye kiwanja ni chembamba, anataka ukuta wake umguse jirani. Mwingine anataka gereji, mwingine kanisa, mwingine baa, na nakumbuka mmoja aliyetaka kanisa na baa kwenye kiwanja kimoja, akaniambia kila kimoja kitakuwa na mlango wake.

Watu wa namna hiyo msiwadharau. Mchoro unachorwa na mtu aliyekaa mezani, na maisha yanaishwa na mtu aliyesimama juani. Ndiyo maana sheria imeacha mlango wa kubisha hodi: unaomba, tangazo linabandikwa kwenye kiwanja, majirani wanapewa muda wa kupinga, kamati inakwenda kuona, kisha inaamua. Mtaani waliniita Mama Viwanja. Waliniita na majina mengine pia, ila hayo siyaandiki.

Siku zile tulichora kwa wino kwenye karatasi ngumu inayopitisha mwanga. Ukikosea unakwangua kwa wembe, polepole, umeshikilia pumzi. Ukikwangua sana mahali pamoja karatasi inatoboka, na mtaa mzima unaanza upya. Kwa hiyo tulifikiri kwanza ndipo tukachora, na wala si kwamba tulikuwa na akili kuwashinda ninyi. Tulikuwa tunaogopa wembe. Mashine ya kutolea nakala ilitumia amonia, na chumba kile kilimliza hata mtu asiyelia msibani. Naikumbuka harufu ile kwa mapenzi. Nikipita mahali wanapopaka nywele dawa, pua yangu inarudi ofisini.

Mkuu wetu wa kitengo alikuwa Mzee Ndahani, Mgogo, mrefu, mpole, msomi wa chuo kikuu aliyezaliwa ndani ya tembe. Nyote mnaiona tembe kwenye picha za makumbusho, lakini wengine hamjawahi kuingia: ni nyumba ya asili ya Wagogo, ndefu kwenda mbele na fupi kwa kimo, kuta za miti na udongo, na paa bapa lililofunikwa kwa udongo. Mzee Ndahani alijenga nyumba ya matofali kama sisi wote, lakini alisema hajawahi kulala usingizi mzuri humo mwezi wa kumi, maana joto la bati analijua Mungu.

Alinifundisha kazi bila kuniambia kwamba ananifundisha. Tulikuwa tukifika kwenye kiwanja, alikuwa hafungui ramani mpaka apewe kiti. Asipopewa kiti, tunazunguka, tunaondoka, tunarudi kesho. "Mtu hajakukaribisha, utamwambiaje habari za ardhi yake?" Alikuwa anakwenda mahali pamoja asubuhi na jioni, kwa sababu mtaa wa asubuhi si mtaa wa jioni. Asubuhi unaweza kuona kiwanja kimetulia, ukatoa kibali cha kuchomelea vyuma, kumbe jioni watoto wote wa mtaa wanacheza hapo hapo. Na alikuwa anatazama upepo. Upepo wa Dodoma unatoka mashariki, na ukianza hauombi ruhusa. Mtu akiomba mashine ya kusaga, uliza kwanza nani anaishi magharibi yake, kwa sababu huyo ndiye atakayekula pumba. Hili halimo kwenye mfumo wenu. Nendeni mkaliweke.

Kuna jambo moja alilolicheka mpaka anastaafu. Ofisi ilikuwa haina gundi, kwa hiyo matangazo ya maombi tulikuwa tunayabandika kwa uji wa sembe. Unakoroga asubuhi, unabeba kwenye kopo, unapaka, unabandika, unakwenda zako. Basi kuna bwana mmoja aliomba kugeuza nyumba yake kuwa nyumba ya wageni, tukambandikia tangazo kwenye nguzo mbele ya kiwanja. Muda ukaisha, hakuna aliyepinga hata mmoja. Kamati ikafurahi. Siku ya kuamua, majirani wakajaa mlangoni kama siku ya mnada, wamevimba kwa hasira, wanasema hawakuona tangazo lolote. Tukaenda kuangalia. Nguzo ipo, safi, imelambwa. Mbuzi walikula tangazo siku ile ile tulipolibandika, pamoja na uji wake.

Mwombaji akang'ang'ania kwamba muda umepita, asiyekuwepo na lake halipo. Mzee Ndahani akamtazama mbuzi mmoja aliyekuwa bado anazungukazunguka nguzo, akasema, "Hapana. Huyu alisoma, na akapinga." Tukaanza upya. Tangu siku hiyo tukatumia misumari, na matangazo hatukuyatoa tena wakati wa kifuku, yaani msimu wa mvua, watu wanapohamia mashambani kulima na mtaa kubaki na wagonjwa na mbwa. Kimya cha mtu aliye shambani msikihesabu kuwa ni ridhaa.

Sasa nije kwenye kona.

Mtaa ule ulikuwa kijiji. Mji ulipopanuka ukaufikia, tukaupima, tukachora viwanja, na wenyeji wakapewa vya kwao palepale walipokuwa wakiishi. Bibi Nyemo alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mtoto wake wa pekee, Yona, alikuwa kwenye bwawa la Mtera akivua na kuuza samaki, anakuja akipata nafasi. Kiwanja cha bibi kilikuwa kizuri na kikubwa, tatizo ni kwamba tembe yake haikukaa ndani yake. Upande wa nyuma ulikuwa kiwanjani, upande wa mbele wote, pamoja na mlango, ulikuwa katikati ya barabara tuliyoichora.

Wenzetu wa ujenzi wakapita na rangi nyekundu, wakaichora ile alama ya X ukutani, ambayo kila Mtanzania anaijua bila kusoma shule. Baada ya muda wakarudi kukagua. X haipo. Wakachora tena. Walipokuja mara nyingine, haipo tena, ukuta umeng'aa kama sahani. Wakaleta taarifa ofisini kwamba kuna mama anafuta alama za serikali. Nikatumwa mimi nikamwonye.

Nilimkuta kibarazani anachambua mlenda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akangoja. Nikajibu hivyo hivyo, kwa lafudhi ya Kirangi iliyomchekesha. Akanipa kigoda. Nikamuuliza kuhusu X.

"Ipi, mwanangu? Ile nyekundu?"

"Ndiyo, bibi."

"Ipo. Iko ndani ya ukuta. Mimi nimesiliba tu." Akanionyesha mikono yenye udongo uliokauka. "Nyumba ya udongo husilibwa. Nisiposiliba, itakuwaje nyumba?"

Hakuwa na ujeuri hata kidogo. Alikuwa anapiga ukuta wake udongo kama alivyofanya maisha yake yote, na X zetu zilikuwa zinazikwa humo moja baada ya nyingine. Nilikaa pale kwa muda mrefu kuliko nilivyotumwa. Njia ya watu waendao sokoni na kisimani ilipita mbele ya mlango wake, hatua chache tu, na kila aliyepita alisema "Mbukwenyi," naye akajibu kwa ile sauti yake, akiuliza mguu wa fulani umepona na ng'ombe wa fulani amezaa. Nikamweleza kwamba nyumba itabomolewa, na kwamba nyuma ya kiwanja kuna nafasi ya kutosha kujenga nyingine. Kisha akauliza kama kuna mtu wa kuombwa.

"Yupo," nikasema. "Unaomba barabara isogee."

"Basi niandikie. Mimi nitasema."

Tangazo likabandikwa kwa misumari. Pingamizi likaja moja tu, la Mwalimu Hosea, mwenye kiwanja kingine kando ya barabara ile ile. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kunyoosha, hata shati lake lilikuwa na mstari wa pasi mgongoni. Wala hakuwa mtu mbaya, na nataka mlielewe hilo, kwa sababu kwenye kazi hii mtakutana na mpingaji mwenye haki mara nyingi kuliko mpingaji mwenye roho mbaya. Mwalimu alikuwa na jiko lake la nje lililozidi mpaka kwa kiasi cha mlango. Tulipomwambia libomolewe, alilibomoa mwenyewe, kwa mikono yake, na mkewe akapika mvuani kifuku kizima.

Siku kamati ilipofika kuona, tulisimama wote mbele ya tembe. Mwalimu alisema kwa utulivu, "Mimi simchukii mama huyu. Lakini mstari ulionibomolea jiko ndio huu huu. Kama unapinda kwake, kwa nini haukupinda kwangu? Sheria ni msumeno."

Mwenyekiti wa kamati, bwana mmoja mtu wa pwani, akamgeukia bibi. Bibi akasimama mlangoni, mlango mfupi ule ukamfaa kana kwamba alipimiwa.

"Mimi sikuikuta barabara hapa," akasema. "Barabara imenikuta mimi. Lakini sitaki ugomvi na barabara. Ninyi mnasema nijenge kule nyuma. Kule nyuma hapiti mtu. Mimi naishi peke yangu, mwanangu yuko mbali. Hapa kila asubuhi watu wanapita, wananiamkia, nawajibu. Siku nikiugua, wa kwanza kupita atajua, kwa sababu sitamjibu. Kule nyuma nitakufa, na mtajua kwa harufu."

Wanangu, nimesikia mawakili wakiomba wakiwa na vitabu mikononi. Sijasikia ombi kama lile. Machozi yalinitoka mbele ya kamati na nikasingizia vumbi. Mwalimu Hosea aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake, lakini pingamizi hakuliondoa.

Kamati ikarudi ofisini kukaa. Kulikuwa na uwanja wa wazi upande wa pili, mkubwa, na ilionekana barabara inaweza kuukata kidogo pembeni na kurudi. Mwenyekiti hakutaka kuvunja mchoro moja kwa moja, hasa kwa ajili ya jiko la Mwalimu. Akatafuta njia ya katikati: barabara ipinde kwa muda, mpaka nyumba hiyo itakapoanguka, na kwa sharti kwamba haitaongezwa chumba wala kubadilishwa paa. Ikianguka, barabara inarudi kwenye mstari.

"Paa la udongo lile," akasema mwenyekiti, "litastahimili mvua ngapi? Mbili? Tumvumilie bibi wa watu."

Wajumbe wakakubali. Mimi nikamtazama Mzee Ndahani. Alikuwa anatazama dirisha, anakuna kidevu, kimya kabisa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tulipotoka nikamuuliza kwa nini hakusema neno.

"Sikuulizwa," akasema.

"Mzee, lakini ile nyumba itaanguka kweli?"

Akacheka, cheko la chini kwa chini. "Mwanangu, paa la tembe linalishwa. Kila mwaka kabla ya mvua unapandisha udongo mpya juu, udongo wa kichuguu, unaupiga mpaka unashikana. Tembe ya baba yangu ilimzaa yeye ikanizaa na mimi. Haianguki mpaka watu wake waache kuilisha." Kisha akaniambia niandike masharti sawasawa kama kamati ilivyosema, nisipunguze wala nisiongeze, na nikafanya hivyo. Udongo juu ya udongo si kubadili paa. Nilichora kona ile mwenyewe, kwa wino, na sikukwangua hata mara moja.

Basi barabara ikapita na kona yake. Magari yakawa yanakuja kwa kasi, yanafika pale, yanalazimika kukanyaga breki mbele ya kibaraza cha Bibi Nyemo. Na gari likipunguza mwendo namna ile huwezi kujifanya hujamwona mtu. Waliokuwa wanapita kwa miguu waliendelea kuamkia, na wenye magari nao wakajifunza. Wageni walioletwa na serikali ilipohamia, watu wa Dar, wa Mwanza, wa Mbeya, ambao neno pekee la Kigogo wanalolijua mpaka leo ni mbukwenyi, walilifundishwa na kona ile.

Mwalimu Hosea naye alinunua gari, gari dogo la zamani, analiendesha kama anavyoandika ubaoni, taratibu na wima. Alipita pale asubuhi na jioni. Mwanzoni alikuwa anapunga mkono tu. Bibi alikuwa hakubali kupungiwa mkono. "Mwalimu! Mdomo umeuacha shuleni?" Watu wakacheka, naye akaanza kuamkia.

Ni yeye aliyekuja mbio ofisini siku ya mabati. Alifika anahema, ameshika kofia. "Mama, kibali kinavunjwa! Wanaezeka bati!" Nilidhani amefurahi, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona moto. Mimi na Mzee Ndahani tukaingia kwenye gari lake.

Tulikuta mabati mapya yameegemezwa ukutani, yanang'aa mpaka macho yanauma, na fundi yuko juu ya paa na nyundo, ameshaanza kufukua udongo pembeni. Yona alikuwa amesimama chini, kijana mwenye mabega ya kuvuta nyavu, ametoka Mtera na mzigo wake, amemletea mama yake zawadi. Mzee Ndahani akamwambia fundi ashuke kwanza. Nikamweleza Yona sharti la kibali: paa likibadilishwa, ruhusa imekufa, na nyumba itabomolewa.

Yona alikasirika, na nisingemlaumu. "Kwa hiyo mama yangu alale chini ya udongo mpaka afe, kwa sababu ya karatasi yenu? Wenzangu wote wameezekea mama zao. Mimi ndiye ninayechekwa." Mtu mzima, mvuvi, akageuka akaufuta uso kwa mkono wa shati.

Bibi akatoka ndani. Alikwenda akayagusa yale mabati, akayapapasa moja moja kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mahari. "Mazuri," akasema. "Ahsante, mwanangu. Mungu akuone. Lakini bati mvua ikinyesha linapiga kelele. Nitasikiaje mtu akibisha hodi?"

Mzee Ndahani akamshika Yona begani, akamzungusha mpaka nyuma ya kiwanja, akamwonyesha pale ambapo mchoro unaruhusu. "Jenga yako hapa. Hapa weka bati, weka vigae, weka unachotaka. Ukija nyumbani uwe na pa kulala, na mama awe na pake." Na Mwalimu Hosea, bila kuulizwa, akasema anao matofali yaliyobaki ya lile jiko lake. Yakaingia kwenye msingi wa Yona.

Miaka ikaenda. Mzee Ndahani akastaafu, akatutangulia mbele ya haki. Sina siku nisiyomkumbuka. Wembe ukaondoka mezani, zikaja kompyuta, amonia ikaisha, na vijana wakanifundisha kubonyeza. Kila mwaka mwezi wa kumi na moja ulipokaribia nilipita konani kwa kisingizio chochote, nimwone Bibi Nyemo juu ya paa lake na akina mama wenzake, wanapiga udongo kwa miti, wanaimba. Mvua mbili za mwenyekiti zilipita, na nyingine nyingi baada yake.

Kisha asubuhi moja Mwalimu Hosea alipita, akapunguza mwendo, akasema "Mbukwenyi," na hakujibiwa. Aliniambia baadaye kwamba mguu wake ulishakwenda kwenye mafuta, ukarudi wenyewe. Akashuka. Akamkuta bibi sakafuni, ana homa, hajiwezi, lakini yu hai. Akambeba mwenyewe mpaka kwenye gari, shati lake la pasi likajaa udongo, akampeleka hospitali, akampigia simu Yona. Yona akawahi. Bibi Nyemo alikufa siku chache baadaye, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe. Hakufa peke yake, na hatukujua kwa harufu. Nyumba ya udongo katikati ya barabara ilifanya kazi ile aliyosema itafanya.

Mimi nilikuwa nakaribia kustaafu. Mkuu mpya wa kitengo, kijana safi tu, akaniambia mwombaji amefariki, kwa hiyo tuandae kunyoosha ile barabara. Nikamfungulia masharti. Hayakusema mpaka bibi afe. Yalisema mpaka nyumba ianguke. Akasoma, akacheka. "Basi mama, tungoje mvua. Nani atapandisha udongo sasa?"

Swali hilo liliniuma. Akina mama wenzake walikuwa wamezeeka au wameondoka. Yona alikuwa na nyumba yake nyuma, yenye mabati yale. Mawingu yalipoanza kukusanyika nikapita konani jioni, nikiwa na moyo mzito, nikidhani naenda kuiaga.

Juu ya paa alikuwa Mwalimu Hosea. Mzee mzima, suruali imekunjwa magotini, anaupiga udongo wa kichuguu kwa mti, kwa mstari ulionyooka kabisa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Yona alikuwa chini anampandishia ndoo.

"Mwalimu!" nikapiga kelele. "Wewe ndiye uliyepinga!"

"Na pingamizi langu lilisikilizwa," akajibu bila kusimama. "Likaandikwa sharti. Nyumba ikianguka, barabara inyooshwe. Mimi ni mtu wa sheria. Sijaiona ikianguka." Akapiga udongo tena, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Msumeno unakata mbele na nyuma, Mama Viwanja. Hebu acha maneno, leta ndoo."

Nikavua viatu, nikaleta ndoo.

Kwa hiyo, binti yangu, si kosa la kuchora. Mchoro acha ulivyo, nyumba bado imesimama, na sisi kila mwaka tunailisha. Mwaka huu mikono yetu imepungua nguvu, kwa hiyo kabla ya mvua njooni nyote wa ofisini, mje na ndoo, na yeyote atakayekuja na visigino atachekwa. Mtaijua kona yenyewe, gari litawalazimisha kupunguza mwendo. Mwalimu Hosea naye mkewe amefariki, watoto wako mbali, na siku hizi anashinda pale kibarazani kwa Bibi Nyemo akisahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu. Mwamkieni, mseme mbukwenyi.

Asipowajibu, shukeni.